Umeumia baada ya chanjo: maswali ya fidia yanayoulizwa sana Arusha na Moshi

Maswali haya ni ya watu wanaofika kuomba msaada wa kisheria: akina mama wa kliniki, wahudumu wa afya, waongoza watalii, wazazi wenye mabinti shuleni. Majibu yanafuata sheria ya Tanzania Bara. Wakili aliyesoma karatasi zako anajua zaidi kuhusu shauri lako kuliko ukurasa huu, ila ukisoma hapa utafika kwake ukiwa umebeba karatasi hizo. Wengi hufika mikono mitupu.

Serikali ina mfuko wa kuwalipa walioumizwa na chanjo?

Haina. Nchi kadhaa zinao. Ujerumani ilianza mwaka 1961. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1979, na aliyepata ulemavu wa angalau asilimia 60 hulipwa pauni 120,000 kwa mkupuo mmoja. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986, na mfuko wake unachangiwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Huko mtu haulizwi nani alikosea. Anaulizwa tu kama madhara yametokana na chanjo.

Kwetu njia iliyopo ni kesi ya kawaida ya madai ya uzembe, na ya kwetu huanza na swali la nani alikosea.

Nikithibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyoniumiza, haitoshi?

Haitoshi, na wengi huondoka wamenuna wakisikia hivyo. Mahakama itataka mambo matatu: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango ambacho mhudumu makini angekifikia, na kwamba upungufu huo ndio uliokuumiza. Mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe uliyedai. Huhitaji kuondoa shaka yote kama kwenye jinai. Inatosha uzito wa ushahidi uelemee upande wako.

Chukua mzio mkali, ule wa koo kuvimba na presha kushuka ghafla. Hutokea takriban mara moja katika dozi milioni moja, na unaweza kumpata mtu aliyechanjwa kwa usahihi kabisa. Kama muuguzi alimwuliza mama kuhusu mzio, akamtaka akae pale dakika 15 hadi 30, na dalili zilipoanza akachoma adrenalini mara moja, hakuna kesi hata kama mtoto aliumia. Kama adrenalini haikuwepo kituoni, au mama aliambiwa aende nyumbani papo hapo na mtoto akazidiwa kwenye daladala, kesi ipo. Chanjo na mzio ni vilevile, ila mara ya pili kuna mtu aliyekosea. Kwa hiyo ukija na malalamiko, swali la kwanza utakaloulizwa ni jinsi ulivyochanjwa na nani. Jina la chanjo linakuja baadaye.

Madhara gani hayawezi kuwa kesi?

Homa ya siku moja mbili, uvimbe paja lilipochomwa, kulia usiku kucha. Kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye bega la kulia kinachotoa usaha kidogo kisha kikaacha kovu ni jambo la kawaida kabisa. Mitoki ya kwapani inayotokea kwa watoto wachache baada ya BCG pia inajulikana, ingawa ikipasuka mpeleke hospitali.

Degedege linahitaji maneno zaidi. Chanjo ya surua na rubela inaweza kuleta homa kati ya siku ya 7 na ya 12, na homa hiyo huweza kumletea mtoto degedege, takriban mtoto mmoja katika 3,000. Inatisha kuliangalia, lakini mara nyingi halimwachii mtoto ulemavu. Wazazi wengine hulihusisha na chanjo wiki nyingi baadaye. Wengine wanalo jibu lao tayari tangu kwa bibi, na hospitali hawakufika. Bila maandishi ya daktari ya siku ile, hakuna cha kupeleka mahakamani.

Makosa yanayoshitakika ni yapi?

Mengi hayahusu chanjo yenyewe. Yanahusu sindano, kichupa, friji na mikono.

Chanjo ya surua na rubela huja kama unga unaochanganywa na kimiminika chake maalumu, na ikishachanganywa hutupwa ndani ya saa sita, kwa sababu bakteria huota ndani yake. Mwaka 2017 huko Sudan Kusini watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua ambamo bomba moja la sindano lilitumika kwa watoto wengi na chanjo ilikaa bila ubaridi. Mwaka 2018 huko Samoa watoto wawili wachanga walifariki kwa sababu wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Wauguzi wale walihukumiwa kifungo. Chanjo haikuwa na kasoro katika matukio hayo yote mawili.

Makosa mengine ni sindano kuchomwa kwenye tako la mtoto mchanga, mahali ulipo mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, badala ya paja. Kutumia kichupa kilichopita muda. Kumpa mtoto dozi ya mtu mzima. Kumchanja mtu aliyekwisha kusema mara ya kwanza alipata mzio mkali. Lipo pia dogo linalosahaulika: wasichana kuzimia foleni. Hofu humfanya mtu azimie baada ya sindano, na hilo si sumu ya chanjo. Lakini kama binti alichanjwa akiwa amesimama, akaanguka na kuvunja meno kwenye ukingo wa dawati, tunauliza kwa nini hakuketishwa.

Mguu wa mwanangu umelegea baada ya sindano. Nianzie wapi?

Anzia hospitali, leo. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla anapaswa kuripotiwa chini ya ufuatiliaji wa polio, na vichukuliwe vipimo viwili vya choo ndani ya siku 14 tangu alegee, kwa tofauti ya angalau saa 24. Mhudumu asipolitaja, litaje wewe. Hospitali ifuate utaratibu huo kwa afya ya mtoto kwanza, lakini unakuachia pia maandishi yenye tarehe yaliyoandikwa na mtu wa Serikali asiyekuwa upande wako, ambayo huwezi kuyapata miezi sita baadaye kwa bei yoyote.

Kisha orodhesha sindano zote alizopata mwezi ule. Zote, pamoja na ile ya malaria aliyochomwa duka la dawa kule Pasua au Ngaramtoni wakati wa homa. Sindano ya kwinini kwenye tako imelemaza miguu ya watoto wengi, na wakili wa upande wa pili atauliza habari zake. Ni heri wakili wako ajue kabla yake. Kwenye ratiba ya Tanzania, Penta, yaani chanjo ya magonjwa matano, huchomwa paja la kushoto na ile ya nimonia paja la kulia, kwa hiyo upande wa mguu uliolegea peke yake unaweza kusema kitu.

Ripoti ya madhara inapelekwa wapi?

Kwa kituo kilichochanja, ambacho kinajaza fomu ya matukio baada ya chanjo na kuipeleka kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Pia kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Tukio zito huchunguzwa: friji inaangaliwa, namba ya bachi, yaani toleo la chanjo ile, inafuatiliwa, na kamati ya wataalamu inatoa maoni kama chanjo, kosa la mhudumu, hofu au ugonjwa uliokuja kwa sadfa ndiyo chanzo.

TMDA haitoi fidia. Hata hivyo maoni ya uchunguzi huo yakisema kulikuwa na kosa la uchanjaji, umeshavuka nusu ya safari.

Nikusanye nini?

Kadi ya kliniki ya mtoto, nakala yake kabla hujaiacha popote. Namba ya bachi, ambayo kituo kinapaswa kuwa nayo kwenye rejista. Karatasi za hospitali zote, risiti hata za bajaji, picha zenye tarehe, majina ya mama waliokuwa foleni nawe. Andika mwenyewe siku hiyo hiyo kilichotokea, kwa saa.

Hospitali inakataa kunipa faili langu.

Omba kwa barua, ipeleke na nakala, nakala yako igongwe muhuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Maombi ya mdomo hayafiki mahakamani: "niliwaomba wakakataa" bila muhuri ni neno lako dhidi ya lao.

Namshitaki muuguzi au nani?

Mwajiri wake. Mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi alilotenda kazini, na ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri: jiji la Arusha, manispaa ya Moshi, au halmashauri za wilaya kama Hai, Rombo na Meru. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Muuguzi unaweza kumwunganisha, lakini yeye ni mtu wa mshahara na mara nyingi humalizi naye lolote.

Sehemu ngumu ni hospitali za makanisa, ambazo Kilimanjaro na Arusha zimejaa. Jengo ni la dayosisi, chanjo ni ya Serikali, na mhudumu huenda analipwa na Serikali akiwa ameazimwa. Usikisie. Barua ya kwanza iulize mwajiri wa aliyechanja ni nani, na kama hawajibu, wakili atawaunganisha wote wawili.

Vipi mtengenezaji wa chanjo nje ya nchi? Inawezekana kisheria pale bachi yenyewe ina kasoro. Kwa mtu wa Himo asiye na maabara wala fedha, haiwezekani kwa hali halisi. Ukiambiwa na mtu kwamba atakufungulia kesi hiyo kwa malipo ya awali, jihadhari.

Notisi ya siku 90 ni nini, na kuna aliyeshindwa kwa sababu yake?

Wameshindwa wengi, wengine wakiwa na madai mazuri kabisa. Chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, huwezi kuishitaki Serikali kabla ya kuipa notisi isiyopungua siku 90 inayoeleza msingi wa madai yako, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, halmashauri, wakala na mashirika ya umma nayo yameingizwa humo, na Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe kwenye kesi. Ukimwacha, shauri lote linabatilika. Notisi hiyo isiandikwe kwa hasira. Tarehe, mahali, kilichofanyika, madhara, kiasi unachodai.

Hospitali binafsi haidai notisi ya siku 90. Barua ya madai yenye siku 14 au 21 ni desturi nzuri.

Nina muda gani?

Kwa uzembe, Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu. Lakini sheria hiyo hiyo ina kipengele cha mwaka mmoja tu kwa fidia ya jambo lililofanywa au kuachwa kufanywa kwa utekelezaji wa sheria iliyoandikwa, na mawakili wa Serikali hawaoni aibu kukitaja. Ukidai dhidi ya halmashauri au wizara, chukulia kwamba una mwaka mmoja, na notisi iende ndani ya miezi michache ya kwanza.

Kwa mtoto, ukomo husubiri hadi afikishe miaka 18. Ni kinga nzuri kwenye karatasi. Lakini rejista za chanjo hupotea, muuguzi huhamishwa, na shahidi wa foleni husahau. Mzazi au mlezi anaweza kufungua sasa kwa niaba ya mtoto, na ni vema afanye hivyo.

Mahakama ipi?

Serikali ikiwa mdaiwa, Mahakama Kuu peke yake: masjala ya Moshi kwa tukio la Kilimanjaro, ya Arusha kwa la Arusha. Mjini Arusha ipo kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kwa hiyo usidanganywe na jengo, uliza masjala. Hospitali binafsi hushitakiwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kama hasara unayoweza kuihesabu haizidi shilingi milioni 200. Fidia ya maumivu haiingii kwenye hesabu hiyo ya mamlaka. Mtu akiandika bilioni mbili za maumivu ili afike juu, atarudishwa chini.

Kabla ya kusikilizwa, pande zote hupelekwa kwenye usuluhishi. Hudhuria kwa moyo mmoja.

Arusha kuna mahakama za kimataifa. Si niende huko moja kwa moja?

Hapana. Mahakama ya Afrika Mashariki huamua kama nchi mwanachama imevunja mkataba wa jumuiya, tena ndani ya miezi miwili tangu kitendo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuwa ikipokea kesi za Watanzania, lakini Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu hilo Novemba 2019 na kuanzia Novemba 2020 mtu binafsi hawezi kufungua kesi mpya dhidi yake. Majengo tunayo, mlango umefungwa.

Nitalipwa kiasi gani?

Hasara mahususi, yaani matibabu, nauli, mshahara uliokatika, hulipwa kwa kiwango cha ushahidi: zitajwe moja moja na zithibitishwe moja moja. Bila risiti, hakimu hufuta mstari. Fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu iko mikononi mwa hakimu, na kiasi chake hakina jedwali. Anayekuahidi tarakimu anakuuzia ndoto.

Ukishinda dhidi ya Serikali, mali yake haikamatwi wala kupigwa mnada. Hukumu hupelekwa kwa mwenye dhamana ya malipo, na hapo inahitaji mtu wa kufuatilia bila kuchoka.

Sina fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walio hadi ngazi ya kata. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania wana ofisi Arusha, na Moshi kuna KWIECO, shirika la kutetea haki za wanawake. Muulize pia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Msaidizi wa kisheria hasimami mbele ya Mahakama Kuu, lakini notisi, barua za kuomba faili na kupanga karatasi anaweza.

Nilichanjwa kwa ajili ya kazi.

Hapa mambo hugeuka. Mhudumu wa maabara aliyechanjwa homa ya ini B kwa amri ya mwajiri, au mwongoza watalii aliyetakiwa kuchanjwa homa ya manjano kabla ya safari ya kazi, anaweza kuwa ameumia kutokana na kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haukuulizi nani alikosea. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema, kwa sababu haki hupotea ikiwa ajali haikuripotiwa ndani ya miezi 12. Kama huna mkataba wala mwajiri hajasajiliwa, lalamika hata hivyo: kusajili ni wajibu wake.

Na chanjo ya UVIKO-19?

Tarehe 24 Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za Janssen kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, na wengi Arusha walichanjwa hizo kwa sababu ya utalii. Mpango wa COVAX uliunda fidia isiyohitaji kuthibitisha kosa kwa nchi 92, Tanzania ikiwamo, kwa ulemavu wa kudumu au kifo. Hesabu yake ni pato la wastani la mtu nchini mara 12, mara kipimo cha madhara. Kuomba ni bure, ila anayekubali malipo husaini kuacha kushitaki. Chanjo iwe ilikuja kupitia COVAX. Za msaada wa nchi moja kwa moja hazimo, kwa hiyo angalia kadi yako. Mpango huu una ukomo wa muda, na aliyechanjwa 2021 asingoje mwaka mwingine.

Madhara yaliyotambuliwa kwa Janssen ni mgando wa damu wenye upungufu wa chembe sahani, na ugonjwa wa Guillain-Barré unaolegeza miguu kwanza. Presha iliyokuwepo kabla haihusiki.

Mtoto amefariki. Familia inataka kuzika kesho.

Pole sana. Naeleza moja tu la haraka: bila uchunguzi wa mwili, chanzo cha kifo kitabaki maneno. Omba hospitali uchunguzi ufanyike kabla ya safari ya kwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, au kabla ya maziko ya siku hiyo hiyo. Wazee watalalamika, na ni ninyi mnaoamua. Baadaye mtahitaji cheti cha kifo na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu madai ya familia hupitia kwake.

Mganga mfawidhi anasema tumalizane kwa laki tano.

Kumalizana kwa makubaliano si vibaya. Kusaini karatasi inayosema "sina madai mengine" kabla daktari mwingine hajasema ulemavu utabaki au utapona ndiyo hatari. Pokea msaada wa matibabu, andika kwamba ni wa matibabu, basi.

Nikimlalamikia muuguzi barazani, nalipwa?

Hulipwi. Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, huweza kuonya, kusimamisha au kufuta leseni. Lakini uamuzi wao ukisema alikosea, wakili wako ataupenda.

Kesi ikiendelea, nimchanje mwanangu chanjo zilizobaki?

Ndiyo, na kuendelea hakudhoofishi madai. Kama aliumizwa na sindano iliyochomwa vibaya, chanjo zenyewe hazina tatizo naye. Kama alipata mzio mkali, daktari wa watoto aandike ni ipi isirudiwe, na barua hiyo ibanwe kwenye kadi ya kliniki. Ukihofia kituo kile, nenda kingine chochote. Kadi inapokelewa popote, na chanjo ni bure.